Mgeni Asiyepewa Funguo

Chroot haikuzaliwa iwe ukuta. Ilipotokea katika toleo la saba la Unix mwaka 1979, na baadaye Bill Joy alipoitia ndani ya BSD, kazi yake ilikuwa kuihadaa programu ione folda moja kama ndiyo mzizi wa mfumo mzima, ili watengenezaji wajaribu kujenga mfumo mpya bila kuvuruga ule waliokuwa wakiutumia. Ni watu wa seva walioigeuza boma la kufungia wasioaminika. Boma bovu: programu yenye mamlaka ya ruti, yaani ya msimamizi mkuu wa mfumo, hutoka humo kwa amri chache tu.

Naanza hapo kwa sababu kijana ninayefanya naye kazi hapa Lukafu aliniuliza, "Yaya, kumfungia huyu msaidizi, si Docker inatosha?" Msaidizi mwenyewe ni wa akili mnemba. Ukimpa jedwali la mizani ya malori ya madini, anaandika msimbo wa Python na kuuendesha mwenyewe. Nilimwambia, mdogo wangu, tuangalie kwanza kila ukuta ulijengwa ili kumzuia nani.

Jela za FreeBSD, kazi ya Poul-Henning Kamp iliyotoka na toleo la 4.0 mwaka 2000, zilimlenga mpangaji: awe bwana ndani ya chumba chake, nje ya mlango asiwe na sauti. Ninayoipenda zaidi ni seccomp. Mwaka 2005 Andrea Arcangeli, Mwitalia, aliiingiza kwenye kerneli ya Linux, kiini cha mfumo huo, akiwa na ndoto ya watu kukodisha kompyuta zilizokaa bure kwa wageni wa intaneti. Programu ya mgeni iliachiwa miito minne tu ya mfumo, yaani maombi yake kwa kerneli: kusoma, kuandika, kutoka, na kurudi baada ya ishara. Ikijaribu wa tano, inauawa papo hapo. Ndoto ya ukodishaji haikushika, ila chombo kimebaki. Umbo lake la 2012, ambamo msimamizi anachagua mwenyewe miito ya kuruhusu, limo ndani ya Chrome na ndani ya Docker hiyo hiyo aliyoitaja kijana.

Njia nyingine ilikuwa kumpa kila mgeni mashine pepe yenye kerneli yake. Chuo Kikuu cha Cambridge kilitangaza Xen mwaka 2003, na juu yake Amazon ilifungua EC2, huduma yake ya kukodisha kompyuta za wingu, mwaka 2006. Vijana wetu huona kompyuta za wingu kama kitu kilichoshuka kutoka Marekani. Kumbe EC2 ilijengwa Cape Town, na kikundi cha Chris Pinkham, Mwafrika Kusini aliyetaka kurudi kwao.

Docker, inayofunga programu na mahitaji yake ndani ya kontena, ilikuja 2013 na ikashinda kwa wepesi: kontena huwaka kufumba na kufumbua. Lakini makontena yote ya mashine moja hutumia kerneli moja, kwa hiyo tundu la kerneli ni tundu la wote. Kasoro iliyoitwa Dirty COW, iliyozibwa Oktoba 2016, ilikuwa imekaa ndani ya kerneli ya Linux tangu 2007. Februari 2019 likatangazwa tundu la runc, ile programu inayoyawasha makontena: mtu mwenye ruti ndani ya kontena aliweza kuiandika upya runc yenyewe iliyo nje, na kuiteka mashine. Basi hapana, haitoshi.

Mwaka 2018 yalitoka majibu mawili. Firecracker ya Amazon huwasha mashine pepe ndogo kwa milisekunde 125 hivi, lakini inahitaji KVM, uwezo wa Linux wa kuendesha mashine pepe, na seva tunayokodi haitupi KVM. gVisor ya Google husimama kati ya programu na kerneli, ikiijibu yenyewe miito mingi. Tumeichukua hiyo. Tunailipia kwa kasi: kazi yenye faili nyingi huchechemea, na mhasibu ameshalalamika.

Hata hivyo, kuta zote hizi zilijengwa dhidi ya mgeni anayetaka kuvunja. Msaidizi havunji kitu, anatii. Ankara yenye sentensi iliyofichwa, ikimwagiza atume jedwali kwa anwani fulani, inaweza kumfanya alitume. Hila hiyo Simon Willison aliipa jina la prompt injection mwaka 2022, lakini hofu yenyewe ni kongwe kuliko chroot. Oktoba 1973 Butler Lampson aliuliza, katika kurasa chache tu: programu niliyoikabidhi siri zangu ili inifanyie kazi, nitaizuiaje isizinong'oneze nje? Akaonyesha kwamba hata bili inayoniletea mwisho wa kazi inaweza kubeba siri ndani ya tarakimu zake.

Kwa hiyo tulifunga mtandao kabisa. Jedwali huingia kama nakala ya kusoma tu, nywila za hifadhidata hazisogei karibu, na matokeo hukaa kwenye folda moja anayoifungua mtu kwanza.

"Na maktaba za Python atapakuaje, yaya?"

Hapakui. Pandas na openpyxl tumezisakinisha mapema, na akihitaji nyingine, ni mimi ninayeiongeza, asubuhi, baada ya kusoma ni ya nani.