Mfadhili na Baba wa Mtoto

Juma hili nimepata barua ya Mtanzania mmoja aishiye Uingereza. Amepewa fomu yenye picha ya mtoto wa kike wa nchi maskini, naye anaombwa amlipie kila mwezi hadi akue. Mwenyewe alisomeshwa na mfadhili wa Ulaya asiyepata kumwona kwa macho. Anauliza: atie saini, au aiache? Kabla ya kumjibu, tutazame kwanza mtindo huu ulitoka wapi.

Watoto waliofadhiliwa namna hii tangu zamani hawakuwa Waafrika na Waasia tu. Walikuwamo Wazungu pia. Vita Kuu ya Kwanza ilisimama Novemba 1918, lakini manowari za washindi ziliendelea kuzuia meli za chakula zisiwafikie walioshindwa, na watoto wa Vienna wakabaki mifupa mitupu. Mwaka 1919 mwanamke wa Kiingereza, Eglantyne Jebb, aligawa vikaratasi vyenye picha zao katika uwanja wa Trafalgar Square, London, bila kibali cha wakaguzi wa serikali. Alikamatwa, akatozwa faini ya pauni 5. Mwaka huohuo yeye na mdogo wake, Dorothy Buxton, wakaanzisha Save the Children, na katika miaka ya 1920 chama hicho kikawa na mpango wa kumwunganisha mtoaji mmoja na mtoto mmoja.

Mwaka 1937 zamu ikawa ya Hispania, iliyokuwa ikiungua kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwandishi wa habari Mwingereza, John Langdon-Davies, alisaidia kuanzisha mpango wa kuwatunza watoto waliokimbia mabomu. Mtoaji aliitwa mzazi mlezi, akaletewa picha na barua. Katika Vita Kuu ya Pili hata Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani, alikuwa mmoja wa wazazi hao. Kisha ikaja Korea, vita vya 1950 hadi 1953, na mayatima wake. Hapo ndipo yalipokulia mashirika tuyajuayo sana huku kwetu, World Vision, lililoanzishwa mwaka 1950, na Compassion, mwaka 1952.

Angalieni jambo moja. Mtoto wa Hispania au wa Korea alikuwa yatima, au ametenganishwa na wazazi wake kwa bunduki. Kumtafutia mzazi wa mbali kulikuwa na maana iliyo wazi. Lakini vita viliisha na mayatima wakakua. Mashirika yakabaki, yakageukia watoto maskini wa Asia, Amerika ya Kusini na Afrika, ambao wengi wao baba yupo, mama yupo, na shamba lipo. Utaratibu wa yatima ukavishwa mtoto mwenye wazazi.

Nilikosomea mimi, wachache darasani walikuwa na wafadhili. Mwisho wa mwaka waliandika barua za shukrani kwa kunakili maneno ya mwalimu ubaoni. Jirani yangu wa dawati alikuwa na sare mpya na viatu. Mdogo wake, waliyelala kitanda kimoja, alikwenda peku. Baba yao, mkulima wa mihogo, aliitwa shuleni kuweka dole gumba kwenye fomu, kisha akarudi shambani. Hakuna aliyemwuliza lolote.

Malalamiko ya aina hii si yangu peke yangu. Mwaka 1982 jarida la New Internationalist la Uingereza lilitoa toleo zima la kuwasihi wasomaji wasifadhili mtoto mmoja mmoja. Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune lilifuatilia watoto 12 waliofadhiliwa kupitia mashirika manne makubwa, likakuta baadhi yao wamepata kidogo mno. Huko Mali mtoto alikuwa ameshafariki, na fedha za mfadhili zikaendelea kupokewa. Mashirika kadhaa nayo yalikwisha kubadili njia: fedha huchimba kisima au hujenga zahanati ya kijiji kizima, na mtoto wa kwenye picha ni kama mjumbe tu. Mtoaji asiyesoma maandishi madogo hajui hilo.

Hata hivyo, tusikimbilie kulaani. Mwaka 2013 wachumi Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walitoa utafiti juu ya watu 10,144 wa nchi sita, zikiwemo Kenya na Uganda. Waliwatazama watu wazima ambao utotoni walifadhiliwa kupitia Compassion, shirika linalomhudumia mtoto mwenyewe kwa karo, sare na matibabu, wakawalinganisha na ndugu zao waliokosa nafasi kwa kuwa walikuwa wamepita umri wa miaka 12 mpango ulipofika. Waliofadhiliwa walisoma zaidi kwa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, na wengi wao zaidi walimaliza sekondari. Hilo si dogo. Yule jirani yangu wa dawati leo ni mwalimu.

Lakini uzi huu hukatika kwa urahisi. Mwaka 2017 shirika hilohilo lililazimika kufunga kazi India baada ya serikali kulizuia kupeleka fedha kutoka nje, na watoto zaidi ya laki moja wakaachwa bila wafadhili wao.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Uingereza, uliza kwanza kama fedha ni za mtoto au za kijiji. Zote zafaa, mradi ujue. Uliza ndugu zake watapata nini. Kama huna hakika ya kulipa miaka kumi, toa mara moja kwa zahanati, usimzoeze mtoto barua zitakazokoma. Na kama tayari unamlipia karo mtoto wa dada yako huko Singida, wewe ni mfadhili tayari, ila hukupewa fomu. Ukitia saini, barua yako ya kwanza usimwandikie mtoto. Mwandikie baba yake, umwulize mwaka huu mvua imekuwaje.