Miaka Sitini ya Tuzo ya Rais

Mwaka 1966, Jamhuri ikiwa bado changa, Mzee Jomo Kenyatta alizindua nchini Kenya mpango wa kuwatunuku vijana ambao chimbuko lake halikuwa Nairobi, wala kwa hakika halikuwa London, bali Ujerumani ya baina ya vita vikuu viwili, katika fikira za mwalimu mmoja aliyeitwa Kurt Hahn. Uingereza mpango huo ulijulikana kwa jina la Duke wa Edinburgh; huku kwetu, kama ilivyopasa taifa lililokuwa ndio kwanza limeondoka chini ya taji, ukaitwa Tuzo ya Rais.

Hahn alizaliwa Berlin mwaka 1886 katika jamaa ya Kiyahudi, na mwaka 1920 akashirikiana na Mwanamfalme Max wa Baden kuanzisha shule huko Salem. Hata kabla Hitler hajashika hatamu za dola, mwalimu huyu aliwaandikia waliopata kusoma Salem akiwataka wachague moja katika mawili, ama shule yao ama Hitler. Na ujira wa ushujaa huo ukawa kutiwa kifungoni mwaka 1933. Aliombewa na watu wa Uingereza, Waziri Mkuu Ramsay MacDonald akiwa miongoni mwao, akafunguliwa, akahamia kwao, na mwaka uliofuata akafungua shule ya Gordonstoun kaskazini mwa Scotland, ambako mmoja wa wanafunzi wake wa awali alikuwa kijana wa ukoo wa kifalme wa Ugiriki, Philip, aliyekuja baadaye kumwoa Elizabeth.

Itikadi ya Hahn ilikuwa kwamba vijana wa zama zake walikuwa wakipungukiwa na mambo kadha wa kadha, kama vile siha, ari, ustadi wa kazi na uwezo wa kujitawala nafsi, lakini upungufu mkubwa kupita yote kwake ulikuwa ule wa huruma. Ndipo mwaka 1936 alipobuni Beji ya Moray, ambayo hata vijana wasiokuwa wa shule yake waliweza kuipata. Na baada ya vita akamwendea mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa alikuwa Duke, akamtwika kazi ya kuieneza fikira ile katika nchi nzima. Mpango ulianza mwaka 1956 kwa wavulana peke yao, wasichana wakafunguliwa mlango wao miaka miwili baadaye, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa John Hunt, aliyeongoza msafara uliofika kilele cha Everest mwaka 1953. Pengine ni uteuzi huo wa mpanda milima uliowafanya watu wengi wadhani kwamba tuzo hii ni ya kupanda milima.

Sivyo. Daraja zake ni tatu, Shaba kwa aliyetimiza miaka 14, Fedha miaka 15 na Dhahabu miaka 16, na kila daraja ina huduma, stadi, mazoezi ya mwili na safari, wala hapana mashindano baina ya mtu na mwenziwe. Safari ya Shaba ni siku mbili na usiku mmoja; ya Dhahabu ni siku nne, na kikundi hutembea peke yake, mwalimu akikifuatia kwa mbali. Nimepata kuwa mwalimu huyo, nimejibanza nyuma ya mwamba katika baridi ya alfajiri ya Nyandarua, nikiwatazama wavulana sita wakigombana juu ya ramani ambayo, naapa, ilikuwa imeshikwa juu chini, ilhali sufuria yenye ukoko wa ugali wa jana ikigongagonga mgongoni mwa yule mdogo wao, ambaye ndiye pekee aliyekuwa akiitazama dira. Raha ya mandhari hiyo siikani. Lakini ni siku nne, na huduma ya Dhahabu haipungui miezi kumi na miwili.

Mlima hupigwa picha, na picha hupelekwa kwa wazazi. Mwaka wa Jumamosi katika zahanati au katika nyumba ya wazee hauna mpiga picha. Hiyo ndiyo sababu, kwa maoni yangu, sehemu iliyokuwa moyo wa fikira ya Hahn ndiyo iliyo rahisi kughushiwa. Katika shule moja, nisiyopenda kuitaja, niliwahi kuletewa kitabu cha kumbukumbu chenye sahihi za miezi sita, zote kwa wino mmoja, zote kwa mwinamo mmoja wa kalamu, dhahiri zimetiwa jioni moja juu ya meza moja. Mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria mahsusi ya Tuzo ya Rais, likaupa mpango huu msingi imara wa kisheria, jambo ambalo sote tulilifurahia. Ila wino hauchunguzwi na sheria, huchunguzwa na mwalimu mwenye miwani na wasaa.

Maadamu nimekitaja kitabu kile, insafu yanitaka nitaje na kingine. Kilikuwa cha msichana wa kidato cha nne aliyekuwa akienda kuwakata kucha na kuwasomea barua wazee wasioona vizuri. Sahihi zake zilikuwa za kalamu za kila namna, nyingine za penseli, nyingine ni alama ya kidole gumba, na ukurasa wa mwezi wa Julai ulikuwa umegandamana na wa Agosti kwa uji. Nilipoubandua nikahesabu, nikakuta mwaka umekwisha timia tangu mwezi wa Oktoba. Lakini tarehe zilikuwa zikiendelea, kurasa zilipokwisha zikahamia upande wa ndani wa jalada, kwa herufi ndogo ndogo, hadi Jumamosi iliyotangulia siku ile aliyoniletea.