Nywele, Sketi na Kitabu cha Viboko

Kanazi ninayoikusudia katika makala haya si ile ya Bukoba, iliyokuwa makao ya wakama wa Kihanja, bali ni kata ya wilaya ya Ngara, nchi ya vilima na migomba ipakanayo na Burundi na Rwanda, ambako Mhangaza na Mrundi huzungumza wakaelewana pasi na haja ya mkalimani. Mtu akisimama juu ya kilima saa kumi na mbili na nusu za asubuhi, ukungu ungali umelala bondeni, huwaona watoto wa shule wakishuka kwa vijia vyekundu, na kwa umbali ule hawezi kumpambanua mvulana na msichana ila kwa kaptula au sketi, kwa sababu vichwa vyote vimenyolewa sawasawa. Usawa huo hudumu mpaka langoni mwa shule. Mwalimu wa zamu anapoanza ukaguzi, unakwisha.

Jumatatu moja nilipata kusimama kando ya mstari wa wanafunzi katika shule ya pande hizo, ambayo jina lake nalisitiri. Mwalimu alianza kwa wavulana. Mmoja alikuwa amefuga panki. Mkasi ukapita mara moja utosini ukaacha barabara nyeupe, wenzake wakaangua kicheko, mwenyewe akacheka pamoja nao, na jambo likaishia hapo. Mwingine, aliyeibana suruali yake ikawa modo, alichapwa viboko viwili, akarudi mahali pake akijipangusa. Ilipofika zamu ya wasichana, waliamrishwa wapige magoti juu ya changarawe ili ionekane sketi ya nani haifiki chini. Akapatikana mmoja, mrefu kuliko wenzake, ambaye alikuwa ameongezeka kimo na sketi ya mwaka uliopita ikabaki pale pale. Huyo hakuguswa kwa fimbo wala kwa mkasi. Aliulizwa, mbele ya shule nzima, anamtafuta nani. Kisha akaambiwa aende nyumbani akamlete mzazi. Hakuna aliyecheka.

Nimelitafakari tukio lile kwa muda mrefu, na hukumu yangu ni hii: kanuni iliyobandikwa ukutani ni moja, lakini kosa la mvulana huhesabiwa katika fungu la uchafu, na la msichana katika fungu la tabia, yule hulipa kwa mwili wake, huyu hulipa kwa heshima yake. Asemaye kwamba wasichana ndio waonewao peke yao hajazihesabu fimbo, na asemaye kwamba wavulana ndio wenye kuonewa, maadamu wao ndio wachapwao, hajalisikia lile swali. Mgawanyo huu haukuzuka jana wala juzi. Una nasaba yake, nami nataka kuifuata kwa kadiri ya uwezo wangu.

Zamani, kabla ya shule, nywele katika nchi za Maziwa Makuu zilikuwa lugha. Ng'ambo ya mto Kagera, katika Rwanda, wanaume na wasichana ambao hawajaolewa walinyoa kwa mtindo uitwao amasunzu, nywele zikiachwa katika matuta yaliyopinda mithili ya mwezi mwandamo, hata mtu akimtazama msichana kichwani alijua hali yake bila ya kuuliza. Kichwa cha kiume na kichwa cha kike, kwa hiyo, vilisema kwa lugha moja. Wamisionari wakaja. Mapadre Weupe waliweka kituo Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, na Waanglikana nao, miaka mingi baadaye, wakajenga Katoke, na Murgwanza hapo hapo Ngara. Walikuja na wembe na sabuni, wakinuia kuondoa chawa na mapunye, na kwa hilo mimi siwalaumu, kwani aliyelala bwenini pamoja na watoto hamsini anajua chawa ni kitu gani.

Libasi, hata hivyo, ni kisa kingine. Mwaka 1905 wamisionari wa Kianglikana walifungua shule ya wasichana Gayaza, katika Buganda, na husimuliwa kwamba ili kuwasitiri wasichana wale, ambao walizoea kujifunga nguo ya magome ya miti, lilitafutwa vazi lenye mikono na mshipi wa kiunoni, na mshonaji wake alikuwa fundi Mgoa aitwaye Gomes. Vazi hilo ndilo gomesi. Leo akina mama wa Bukoba hulivaa harusini kwa taadhima, wala hawadhani kwamba wamevaa kitu ambacho asili yake ni sare ya shule. Mvulana wa Buganda aliyesoma zama hizo alivaa kanzu, iliyokwisha kufika katika jumba la Kabaka pamoja na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa pwani, na wala haikushonwa kwa ajili ya kumsitiri mtu. Ilikuwa alama ya cheo na ya kwamba mwenye kuivaa ni mtu wa kalamu. Tazama tofauti iliyomo: nguo ya mvulana ilitangaza kwamba huyu atakuwa karani au chifu, na ya msichana ikatangaza kwamba huyu amestirika, naye yu tayari kuolewa na karani.

Serikali ya Waingereza ilipofungua shule ya Tabora katika miaka ya 1920 kwa ajili ya wana wa machifu, ilitaka kupata watawala wasaidizi, na kwa sababu hiyo mvulana alipewa viranja, gwaride na kaptula, na unadhifu wake ukakaguliwa kama unavyokaguliwa wa askari: kifungo, mkanda, ukosi. Akikosea, amelikosea kundi. Shule za wasichana zilikuwa chache mno, nazo aghalabu zilikuwa mikononi mwa misheni, na humo unadhifu ulikuwa jina jingine la sitara. Watu wa mwambao wana neno lifaalo hapa. Kwao mwari hutawishwa ndani, asionekane na macho ya watu mpaka siku yake. Huku bara, ambako msichana alitakiwa atoke nyumbani kila siku aende darasani, misheni ilimtawisha ndani ya sare.

Ingedhaniwa kwamba uhuru ungeikata nasaba hiyo. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, ilimpa kila mwanafunzi jembe bila ya kuuliza kama ni wa kiume au wa kike, na sare nayo ilikuwa na fadhila ambayo sitaikanusha, kwani ilimficha mtoto wa maskini asitambulike kando ya mtoto wa tajiri. Lakini mwaka uliofuata, mwezi Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo tangu Januari 1, 1969 ingepiga marufuku sketi fupi za mini, mawigi, dawa za kujichubua ngozi, na nguo za kubana, suruali zikiwemo, kwa hoja ya kwamba hayo yote ni makombo ya utamaduni wa wakoloni. Ukiisoma orodha hiyo kwa haraka utadhani inawahusu watu wote, maana suruali za kubana zilivaliwa na wanaume vilevile. Mambo yalivyokwenda ni kwamba tarehe ya Januari haijafika, tayari wanawake walikuwa wameandamwa na makundi ya vijana katika Kariakoo, Dar es Salaam, wakabughudhiwa vituoni na mabasini na kuchaniwa nguo zao na watu ambao hawakupewa amri na yeyote. Barua za wasomaji zikajaa magazetini, wengine wakiunga mkono na wengine wakipinga, na kitu kilichobishaniwa kuliko vyote kilikuwa goti la mwanamke. Mimi hujiuliza mpaka leo kwa nini suti na tai, ambazo zilitoka Ulaya kwa merikebu moja na sketi ile, hazikuhesabiwa kuwa ukoloni. Na sipati jawabu ila hili, kwamba waliovaa suti na tai ndio waliokuwa wakipitisha maazimio.

Jambo hilo lilitukia Dar es Salaam, mwendo wa siku nyingi kutoka Ngara kwa barabara za wakati ule. Walakini kizazi kilichokuwa kijana mwaka 1968 ndicho kilichoshika chaki nchi ilipotekeleza elimu ya msingi kwa wote, iliyoazimiwa Musoma mwaka 1974 na kutimizwa 1977, na mtu huingia darasani na macho aliyoyapata mtaani.

Sheria ya Elimu ilitungwa mwaka 1978, na kanuni mbili za mwaka 2002 zilizotungwa chini yake zinatuhusu sana. Ya kwanza ni ya viboko: visizidi vinne, na msichana achapwe na mwalimu wa kike, ila shule isipokuwa naye. Ya pili ni ya kufukuza wanafunzi, nayo ilimruhusu mkuu wa shule kumwondoa aliyefanya kosa dhidi ya maadili au aliyefunga ndoa. Neno mimba halikuandikwa humo. Hata hivyo ni kwa mlango huo wa maadili wasichana walitolewa shuleni kwa ajili ya mimba miaka nenda miaka rudi, na katika shule nyingi wakawa wakipangwa mstari wapimwe, wengine kwa kubonyezwa matumbo, kana kwamba ukaguzi ulioanzia kwenye pindo la sketi haukuona pa kukomea. Mvulana hana tumbo la kubonyezwa. Ni kweli kwamba mwaka 2016 sheria ilirekebishwa ikaweka kifungo cha miaka thelathini kwa mwenye kumpa mwanafunzi mimba, lakini huyo ilibidi kwanza atafutwe, hali msichana alikuwa amesimama hapo hapo mstarini. Tarehe 22 Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais Magufuli alisema kwamba katika utawala wake aliyezaa hatarudi shuleni. Na tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba atarudi.

Turejee kwenye nywele, maana katika hizo ndimo usawa unamodhaniwa kuwa umetimia. Katika shule za serikali za Tanzania Bara wote hunyoa, wa kike na wa kiume, na wanaoitetea kanuni hiyo husema inaokoa muda na fedha. Nao wana haki, kwa kuwa msusi hulipwa na wembe ni wa senti. Ila kichwa kilichochukuliwa kuwa kipimo ni cha mvulana. Yeye akinyoa hubaki vile alivyo nyumbani kwao, na msichana akinyoa huacha kitu alichosukwa na mama yake tangu utotoni. Baadhi ya shule za binafsi zimeruhusu misuko myepesi, ile mistari ya kurudi nyuma iitwayo twende kilioni, wala sijasikia kwamba wasichana wao wameshindwa hesabu kwa sababu hiyo. Huko Kenya shauri la namna hii lilifika mahakamani: mwanafunzi wa kike wa sekondari katika Kibera, binti wa Kirasta, alizuiwa darasani mwezi Januari 2019 mpaka anyoe, na tarehe 13 Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Nairobi ikahukumu kwamba nywele zile ni sehemu ya imani yake na kwamba aachwe asome.

Na fomu za kujiunga na sekondari, ambazo mzazi hupokea pamoja na orodha ya jembe, ndoo na godoro, zastahili kusomwa na mwanahistoria kwa makini kama asomavyo hati za kale. Aghalabu suruali huelezwa kwa maneno machache, rangi yake na kwamba isibane. Sketi huelezwa urefu wake, marinda yake, upana wake na kitambaa chake. Mwenye kuandika alijua kabla ya Januari ni nani atakayetazamwa.

Nimebakiwa na jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Kanuni ya viboko ya 2002 inaamuru kwamba kila adhabu ya fimbo iandikwe katika kitabu kilichowekwa mahususi, jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la aliyechapa. Vitabu hivyo, pamoja na vile vya zamani zaidi palipo navyo, ni hazina kubwa, na mtu akivifungua atawakuta humo wavulana kwa majina yao na makosa yao, shati lisilochomekewa, panki, suruali iliyobanwa. Yule binti wa sketi hatamkuta. Kuulizwa anamtafuta nani si kiboko, kurudishwa nyumbani si kiboko, kupiga magoti juu ya changarawe si kiboko, wala hapana safu iliyopigiwa mstari kwa ajili yake.

Basi nawaomba walimu wakuu, na walimu waliostaafu walioko Kanazi, Kabanga, Rulenge, Murgwanza na kwingineko katika Ngara na Biharamulo, wasiviache vitabu hivyo kabatini viliwe na mchwa. Na kila mama aliyepata kurudishwa nyumbani kwa ajili ya sketi, namwomba aketi na mjukuu ajuaye kuandika, amwambie ilikuwa mwaka gani, alikuwa darasa la ngapi, na aliambiwa maneno gani.