Alama za Faharasa: Historia Fupi na Mafunzo Yake kwa Mhariri wa Kiswahili

Katika Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, iko kata iitwayo Litumbandyosi. Jina hilo huandikwa pengine kwa neno moja na pengine kwa maneno mawili, Litumba Ndyosi. Kwa msomaji wa kawaida tofauti hiyo si kitu. Lakini tuseme kwamba ofisi fulani inahariri kwa kompyuta kitabu cha kurasa 400 juu ya historia ya Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa, na kwamba waandishi wake wametumia maandishi yote mawili. Faharasa itakapotolewa na mashine, kata moja itatokea kama mahali pawili, kila pamoja na kurasa zake, na msomaji mgeni atadhani kwamba ni kata mbili.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi alama za faharasa zilianzaje, zilifikaje ndani ya kompyuta, na Kiswahili kinamdai nini mhariri anayezitumia. Hoja yetu ni kwamba mashine inaweza kukumbuka mahali neno lilipo, lakini haiwezi kuamua jambo liitweje na litafutwe chini ya herufi gani. Uamuzi huo ni kazi ya istilahi, na hapana budi ufanywe kabla alama ya kwanza haijatiwa.

Neno na maana yake

Neno faharasa limetujia kutoka Kiarabu, ambacho nacho kililipata katika Kiajemi. Ibn al-Nadim wa Baghdad alikiita kitabu chake, alichokiandika karibu na mwaka 987, al-Fihrist, yaani orodha ya vitabu vya Kiarabu alivyovijua. Katika Kiswahili asili hiyo imezaa maneno yaliyogawana kazi. Watu wa vitabu husema faharasa. Watakwimu husema fahirisi, kama katika "fahirisi za bei". Mgawanyo huo unafaa kuhifadhiwa, maana vitu viwili mbalimbali vimepata majina mawili bila ugomvi.

Vilevile faharasa isichanganywe na yaliyomo, ambayo hukaa mwanzoni na kufuata mpango wa sura, wala na sherehe, ambayo hufafanua maneno magumu. Faharasa hukaa mwishoni, hufuata alfabeti, na kazi yake ni kumfikisha msomaji mahali. Neno linalotangulia katika kila mstari wake tutaliita kidahizo, kama lifanyavyo jina hilo katika elimu ya kamusi.

Alama kabla ya ukurasa

Wengi hudhani kwamba faharasa haiwezi kuwako bila namba za kurasa. Historia haionyeshi hivyo. Wakati vitabu viliponakiliwa kwa mkono, nakala mbili za kitabu kimoja hazikuwa na kurasa zinazolingana, na kwa hiyo alama ilibidi ifungwe kwenye maneno yenyewe. Waislamu wanalijua jambo hili vizuri: Kurani imegawanywa juzuu 30, sura na aya, na alama za migawanyo hiyo huandikwa ndani ya maandishi au pembeni yake. Msomaji wa Lamu na msomaji wa Muscat hufika kwenye aya ile ile, hata kama misahafu yao haifanani kwa kurasa.

Huko Ulaya, katika miaka ya 1230, watawa wa Kidominiko mjini Paris, chini ya Hugh wa Saint-Cher, walitengeneza orodha ya maneno ya Biblia. Kila sura waliigawanya sehemu zilizotajwa kwa herufi A hadi G, ili neno lipatikane katika nakala yoyote. Katika karne hiyo hiyo, Mwingereza Robert Grosseteste, aliyekuwa Askofu wa Lincoln tangu 1235 hadi 1253, alibuni alama zaidi ya 400, kila moja ikisimama badala ya mada yake. Alipokutana na mada hiyo katika kusoma, aliitia alama pembezoni mwa kitabu. Kisha alikusanya mahali pote penye alama hiyo katika orodha moja. Hivyo ndivyo ifanyavyo kompyuta leo: kutia alama kwanza, kukusanya baadaye.

Utumwa wa ukurasa

Kupiga chapa kulibadili mambo. Mwaka 1470 kulichapwa mjini Cologne kitabu ambacho kurasa zake zilitiwa namba, na desturi hiyo ikaenea polepole. Sasa nakala zote za toleo moja zililingana, na namba ya ukurasa ikawa njia nyepesi ya kumwelekeza msomaji. Lakini wepesi huo ulikuwa na gharama yake. Faharasa haikuweza kukamilishwa mpaka kurasa zimekwisha pangwa na mpiga chapa. Mtengenezaji wake aliketi na prufu na sanduku la kadi, akaandika kidahizo juu ya kila kadi na namba za kurasa chini yake, kisha akazipanga kadi kwa alfabeti na kuzipiga taipu. Aya moja ikiongezwa baada ya hapo, namba zilizofuata zote zilikuwa hatarini. Katika vitabu vingi faharasa iliachwa kabisa kwa ajili ya taabu hiyo.

Kompyuta ilirudisha njia ya zamani. Katika miaka ya 1980 Leslie Lamport wa Marekani alitoa LaTeX, mfumo wa kupanga vitabu uliojengwa juu ya TeX ya Donald Knuth. Ndani yake mwandishi aliweza kutia amri ya faharasa pale pale penye neno, na programu nyingine, MakeIndex, ikakusanya amri hizo, ikazipanga na kuziunganisha na kurasa. Programu za kuandikia zinazotumiwa maofisini, kama Microsoft Word, nazo zikawa na njia ya namna hiyo. Kwetu hapa, mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ambayo amri zake zilitafsiriwa kwa Kiswahili. Tangu hapo mtumishi wa serikali aliweza kuhariri waraka mrefu kwa programu iliyozungumza naye kwa lugha yake.

Tatizo la viambishi

Lakini programu hizo zilibuniwa na watu ambao maneno ya lugha zao hubadilika zaidi mwishoni. Maneno ya Kiswahili hubadilika mwanzoni, na mwanzo ndio unaotazamwa na alfabeti. Katika kitabu chetu cha Mbinga mtakuwamo Mmatengo, Wamatengo, Kimatengo na Umatengo. Mhariri akitia alama kila neno kama lilivyo, mashine itayatawanya chini ya M, W, K na U, na habari za watu wamoja, lugha yao na nchi yao zitakuwa zimevunjwa vipande vinne.

Tatizo hili halikuanza na kompyuta. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilipambana nalo katika kamusi. Kamusi iliyotoka mwaka 1939 chini ya jina la Frederick Johnson iliweka nomino nyingi chini ya kitenzi zilikotoka, hata anayetaka mpishi ikambidi akatafute pika. Mpango huo unaonyesha ukoo wa maneno, lakini unamdai msomaji ajue sarufi kabla ya kufungua kitabu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilishika njia nyingine: nomino hutafutwa kwa herufi yake ya kwanza, na mpishi yumo katika M. Kila njia ina sababu yake. Lisilofaa ni kutumia zote mbili katika kitabu kimoja bila kumwarifu msomaji.

Kwa faharasa za vitabu vya kawaida tunapendekeza mambo matatu. Nomino iandikwe kwa umoja na kutafutwa kwa herufi yake ya kwanza: kitabu, wala si vitabu. Kitenzi kiandikwe bila ku-. Majina ya makabila, lugha na nchi yakusanywe chini ya shina moja, kwa mfano "Matengo: watu, lugha, nchi", na chini ya W na K liwekwe neno "taz." la kumwelekeza msomaji. Mfumo kama LaTeX humruhusu mwandishi kutoa maumbo mawili, moja la kupangia na moja la kuchapwa. Kwa njia hiyo Wamatengo huweza kuchapwa kamili na bado wakakaa katika M.

Majina ya mahali na ya vitu

Pwani ya Ziwa Nyasa inatufundisha jambo lingine. Bandari ya Liuli iliitwa Sphinxhafen wakati wa Wajerumani, na kwa jina hilo ndipo meli ya Kiingereza Gwendolen ilipoishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann mwezi Agosti 1914. Mwanafunzi aliyesoma habari hizo katika vitabu vya Ulaya atatafuta chini ya S. Ziwa lenyewe huitwa Nyasa kwetu na Malawi ng'ambo ya pili. Tena, Liuli ilikuwa katika Wilaya ya Mbinga mpaka Wilaya ya Nyasa ilipoundwa mwaka 2012. Kidahizo "Mbinga, Wilaya ya" kisipofafanuliwa kwa miaka, kitachanganya mipaka miwili. Hata kilimo mashuhuri cha Umatengo, cha kuchimba mashimo katika miteremko ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, huandikwa ngolo na ngoro. Katika kila mfano wa namna hii hapana budi jina moja lichaguliwe kuwa kidahizo, na mengine yaelekezwe kwake. Kufuta jina la pili si usanifishaji. Ni kumfungia mlango msomaji anayelijua hilo tu.

Kutunza alama wakati wa kuhariri

Alama ya faharasa katika programu ya kuandikia kwa kawaida hufichwa. Haionekani katika ukurasa uliochapwa, na mara nyingi haionekani hata katika kioo mpaka mhariri aamuru ionyeshwe. Kutokana na kuficha huko huja madhara ambayo yafaa yajulikane.

Kwanza, sentensi ikifutwa, alama iliyomo hufutika nayo. Kama hiyo ndiyo alama pekee ya kidahizo fulani, kidahizo hicho kitatoweka katika faharasa bila onyo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo vidahizo vyote viwe na orodha yao nje ya mswada, na faharasa ilinganishwe na orodha hiyo kila baada ya marekebisho makubwa.

Pili, kubadili neno katika maandishi si lazima kubadili kidahizo kilichofichwa. Tuseme wakuu wa ofisi wameamua kwamba tarakilishi na ngamizi yote yawe kompyuta. Mhariri akitoa amri ya kubadili huku alama zimefichwa, maandishi yanaweza kusema kompyuta na faharasa ikaendelea kusema tarakilishi. Alama zionyeshwe kwanza, ndipo neno libadilishwe.

Tatu, alama zikionyeshwa huchukua nafasi na kusukuma maneno mpaka ukurasa wa pili. Kabla ya kutoa faharasa ya mwisho zifichwe tena, la sivyo namba za kurasa hazitakuwa za kweli.

Nne, kosa lililoonekana katika faharasa lisirekebishwe katika faharasa yenyewe, maana marekebisho hayo yatafutwa mara orodha itakapotolewa upya. Mhariri arudi penye alama na kurekebisha hapo.

Tano, ichungwe alama ya ng'. Kistari cha juu kilichonyooka na kilichopinda ni herufi mbili kwa mashine, na kwa sababu hiyo ng'ombe anaweza kupata vidahizo viwili ambavyo jicho halivitofautishi. Ofisi ichague kimoja na kukishika tangu mwanzo.

Hitimisho

Mambo haya si ya wapiga chapa peke yao. Mtafsiri anapofungua kitabu cha sheria, cha kilimo au cha afya ili ajue neno fulani lilikwisha tafsiriwaje, hasomi kurasa 400, hufungua faharasa. Asipolikuta neno huko, huamini kwamba halipo, naye hubuni jingine. Hivyo istilahi iliyojadiliwa, ikapitishwa na kuchapwa, huweza kupata mpinzani kwa sababu tu alama yake ilifutwa pamoja na sentensi katika jioni ya kazi nyingi. Walimu, kwa upande wao, wanaweza kuanza mapema kwa kuwapa wanafunzi zoezi la kutengeneza faharasa ya sura moja tu ya kitabu na kuwataka waeleze kwa nini kila kidahizo kimewekwa chini ya herufi iliyochaguliwa.

Kwa ofisi zinazoandaa vitabu virefu, shauri letu ni kwamba mtu mmoja atajwe kuwa mwenye dhamana ya vidahizo tangu mswada unapoanza, na kwamba orodha yake ipelekwe kwa mpiga chapa pamoja na mswada wenyewe. Pawepo pia nafasi katika orodha hiyo ya kuandika kila jina lililokataliwa na mahali lilipoelekezwa. Toleo la pili la kitabu litakapokuja, hata kama programu iliyotumiwa imekwisha pitwa na wakati, orodha hiyo itakuwa bado inasomeka.