Simu za wauzaji afisini: Haki zako na jinsi ya kuzikomesha

SIMU inalia afisini saa nne asubuhi. Karani anaziacha hesabu alizokuwa akifanya na kuipokea, kumbe ni wakala wa bima, mwuzaji wa ploti au mtu wa mikopo. Kutoipokea hawezi, kwani huenda ni mteja. Hiyo ndiyo kero ya simu hizi: humkuta mtu mahali ambapo kujibu ni wajibu wake.

Wauzaji huzipata wapi nambari? Mara nyingi huwa tumeziandika wenyewe: katika kitabu cha wageni langoni mwa jumba la afisi, katika fomu za mashindano, au katika kadi tunazogawa mikutanoni.

Hata hivyo, kumwandikia bawabu nambari si kumpa dalali idhini. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 37, inakataza kutumia data ya mtu kibiashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale ambapo sheria nyingine inaruhusu na mwenyewe amefahamishwa. Kanuni za 2021 zinamtaka mwuzaji ampe mtu njia rahisi ya kujiondoa.

Ikumbukwe kwamba sheria hii humlinda binadamu, si kampuni. Nambari ya mapokezi iliyotangazwa kwa jina la kampuni haina kinga sawa na nambari yako ya mkono. Hapo dawa ni utaratibu wa afisi.

Unapopigiwa, fuata hatua hizi:

Kwanza, uliza jina la anayepiga, kampuni yake na mahali alikoipata nambari yako.

Pili, kataa mara moja na kwa uwazi: "Sihitaji huduma hii. Ondoa nambari yangu na usinipigie tena." Ukisema "nipigie baadaye", umemwalika arudi.

Tatu, andika tarehe, saa na nambari iliyokupigia.

Nne, akiendelea, iandikie kampuni yake ukiitaka ikome, nawe ubaki na nakala. Isipokoma, wasilisha malalamishi kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inaitaka afisi hiyo ikamilishe uchunguzi kwa siku 90. Faini yaweza kufika Sh5 milioni, au asilimia moja ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo.

Kwa upande wake, mwajiri ateue mtu mmoja au anwani moja ya barua pepe ya kupokea maombi ya wauzaji. Karani atakuwa na jibu fupi la kutoa, na laini itabaki wazi kwa wateja.

Zaidi ya usumbufu kuna hatari. Tapeli naye huja kwa sauti ya mwuzaji. Usimtajie asiyejulikana nambari ya siri, nambari za wenzako wala majina ya wanaotia saini hundi. Akidai anatoka benki, kata simu, kisha upige mwenyewe kwa nambari rasmi ya benki hiyo.

Hata hivyo, usimtukane anayepiga. Wengi ni vijana wanaolipwa kwa kamisheni. Jibu fupi la adabu humwokoa yeye muda, likakurudisha wewe kazini.