"Hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu zamani": nusu ya ukweli

Uzi kuhusu sentensi moja ambayo huku Kisii na Nyamira haikosi matangani wala kwa mikutano: "Hali ya hewa imebadilika tangu enzi za mababu, kwa hivyo mtuache." Hutolewa sana mjadala wa mikaratusi kando ya mito ukipamba moto. Sitaji mtu wala chama, maana pande zote huitumia.

Nusu ya kwanza ni kweli, tena kuliko wasemaji wanavyojua. Mto Gucha unatoka vilima vya Kiabonyoru, unapita Kisii na kuingia Ziwa Victoria ukiitwa Kuja. Sasa rudi nyuma miaka kama 16,000. Maji yanateremka vilevile, lakini huko chini hakuna ziwa. Ni mbuga kavu.

Si hadithi. Mwaka 1996 kundi la Thomas Johnson lilichapisha matokeo ya kutoboa sakafu ya ziwa: chini ya matope kuna tabaka la udongo uliowahi kukaa juani. (Wataalamu wa samaki bado wanabishana jinsi mamia ya aina za fulu zilivyopatikana kwa muda mfupi hivyo.)

Ilikuwaje? Mwishoni mwa enzi ya barafu, mapande makubwa ya barafu yalimeguka na kuyeyuka kaskazini mwa Atlantiki. Maji yasiyo na chumvi yakadhoofisha mkondo unaopeleka joto kaskazini, na mvua zikavurugika Afrika hadi Asia. Halafu, kama miaka 14,700 iliyopita, mambo yakageuka. Greenland ilipata joto kwa nyuzi nyingi ndani ya miongo michache tu. Huku kwetu mvua zikarudi, ziwa likajaa tena.

Hapo ndipo mtu husema, "Hizo modeli zenu ni kubahatisha." Ngoja. Modeli ni hesabu, na ya ziwa hili ni kama ya karai lililoachwa nje. Kama asilimia 80 ya maji yake ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na mengi huondoka kwa mvuke, si kwa Mto Nile. Kina chake ni mita 80 hivi tu. Punguza mvua kwenye hesabu hiyo kwa kiwango cha enzi zile, na karai linakauka kwa karne chache.

Ya bahari ni ngumu zaidi. Mwaka 1988 Syukuro Manabe, aliyepata Tuzo ya Nobel 2021, na Ronald Stouffer walionyesha kwa kompyuta kwamba mkondo wa Atlantiki unaweza kutulia katika hali mbili: ukifanya kazi, au ukiwa umezimika. Kasoro ya modeli nyingi zilizofuata ni kwamba hazigeuki kirahisi. Lazima uzimwagie maji mengi kupita kiasi ndipo ziruke kama dunia ilivyoruka. Kwa hivyo anayedai zinatia chumvi, kwa jambo hili mimi naona kinyume. Ni tulivu mno.

Na ziwa bado linaruka. Baada ya mvua za 1961 lilipanda zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Mei 2020 likapita hata rekodi hiyo, watu wakahama ufuoni.

Sasa ile nusu ya pili, "mtuache". Watu wa miaka 16,000 iliyopita walikuwa wawindaji, wachache, na maji yakiisha walihama. Gusii ya leo ni majani chai, ndizi na mahindi kwenye vishamba ambavyo baba akiwagawia wana watatu, kila mmoja anabaki na kipande cha kujengea nyumba na kupanda sukuma. Anayesema mababu walivumilia mabadiliko atuambie hawa wahamie wapi, Kilgoris au Nairobi, na nani atawapokea.

Mikaratusi inakunywa maji kiasi gani? Hilo lina uzi wake. Wekeni maswali hapo chini.