Somo la Tisa: Nguvu ya Akili Juu ya Mwili, na Mpaka Wake

Karibuni tena katika darasa letu la watu wazima. Nawe ambaye hukuwahi kulisikia somo hewani, na sasa unalisoma katika karatasi hizi, karibu vilevile. Waite wenzako mketi pamoja, na ajuaye kusoma vizuri awasomee wengine.

Leo tutazungumza habari ya akili na mwili. Mtoto ajikwaapo hulia kwa kelele; mama humpuliza pale palipoumia, humwambia, "Pole, imekwisha," na mtoto hunyamaza, akarudi kucheza. Kidonda kiko palepale. Basi, ni kitu gani kilichopona? Tena, mtu aliyeshiba vizuri mchana akiambiwa jioni kwamba ile ilikuwa nyama asiyoila kwa desturi yake, tumbo humchafuka saa ileile. Chakula hakikubadilika, kilichobadilika ni habari aliyoisikia.

Hapo pana maswali mawili. La kwanza: Je, akili ina nguvu juu ya mwili? La pili: Kama inayo, nguvu hiyo hufika wapi? Swali la pili ndilo kubwa zaidi, maana asiyejua mpaka ulipo aweza kulipa kwa uhai wake. Fuatana nami, tutazame jinsi watu walivyoutafuta mpaka huo kwa muda wa miaka zaidi ya 200.

PIPA LA PARIS

Mwaka 1778 daktari mmoja jina lake Franz Anton Mesmer alihama Vienna akaenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Alifundisha kwamba ulimwengu wote umejaa nguvu isiyoonekana, mfano wa sumaku, ipitayo ndani ya miili ya watu. Nguvu hiyo ikizibwa njia, mtu huugua. Aliweka pipa kubwa la mbao lenye kifuniko, na ndani yake chupa za maji. Vyuma vilivyopindwa vilitokeza nje, na wagonjwa waliketi kulizunguka pipa, kila mmoja akielekeza chuma mahali penye maumivu. Wengine walitetemeka, wakapiga kelele, wakaanguka. Na baada ya hapo wengi walisema wamepata nafuu. Mji mzima ulivizungumza vioja hivyo.

Mwaka 1784 mfalme Louis wa 16 aliteua wataalamu wachunguze jambo hilo. Miongoni mwao walikuwamo Antoine Lavoisier, bingwa wa kemia, na Benjamin Franklin, balozi wa Marekani, mzee wa miaka 78. Mesmer mwenyewe hakukubali kuchunguzwa, lakini mfuasi wake, Daktari Charles Deslon, alikubali.

Hila waliyoitumia ilikuwa rahisi, na naomba uikumbuke mpaka mwisho wa somo: walimfunga mgonjwa kitambaa machoni. Katika bustani ya nyumba aliyokaa Franklin, mahali paitwapo Passy, Deslon alitia nguvu yake katika mti mmoja wa matunda. Kisha mvulana wa miaka 12, aliyechaguliwa na Deslon mwenyewe, akaletwa amefungwa macho, akapelekwa kwenye mti mmoja baada ya mwingine. Alitokwa na jasho, akakohoa, kichwa kikamuuma, na kwenye mti wa nne akazimia. Lakini miti yote minne haikuwa imetiwa nguvu yoyote! Ule mti wenyewe ulikuwa mbali naye, futi 24 hivi.

Deslon alijitetea kwamba miti yote ina nguvu hiyo kwa asili. Wakamjibu kwamba, kama ndivyo, watu wa namna hiyo wasingeweza kutembea bustanini bila kuanguka.

Nyumbani kwa Lavoisier mwanamke mmoja alipewa vikombe vya maji ya kawaida, na kwenye kikombe cha nne akashikwa na kifafa cha Mesmer. Alipotulia aliomba maji ya kunywa. Walimpa kikombe chenyewe kilichotiwa nguvu, bila kumwambia. Akanywa kwa utulivu, akasema amepata nafuu.

Wataalamu wakakata shauri: mawazo bila sumaku huweza kumwangusha mtu, sumaku bila mawazo haifanyi kitu. Lakini Deslon alikuwa amekwisha kuuliza swali moja zuri. Aliuliza: ikiwa dawa ya mawazo ndiyo iponyayo vizuri kuliko nyingine, kwa nini tusiitumie? Swali hilo lilikaa miaka mingi bila kupata jibu lililo kamili.

VIJITI VYA MBAO

Huko Marekani daktari mmoja, Elisha Perkins, alipewa hataza mwaka 1796 kwa ajili ya vijiti viwili vya madini. Alidai kwamba ukivipitisha juu ya ngozi, maumivu huvutwa yakatoka. Vijiti hivyo vilivuka bahari mpaka Uingereza, vikauzwa kwa bei kubwa.

Mwaka 1799, katika mji wa Bath, daktari John Haygarth alichonga vijiti vya mbao, akavipaka rangi vikafanana na vile vya madini. Wagonjwa watano wenye baridi yabisi ya siku nyingi walipitishiwa vijiti hivyo vya mbao, na wanne kati yao walisema wamepata nafuu. Kesho yake walipitishiwa vile vya madini, na mambo yakawa yaleyale. Kilichotuliza maumivu hakikuwa mbao wala madini, bali tumaini la mgonjwa na maneno ya daktari. Perkins mwenyewe alikufa mwaka huohuo wa 1799 kwa homa ya manjano, mjini New York, alikokwenda kuijaribu dawa yake nyingine juu ya ugonjwa huo. Aliiamini dawa yake, lakini homa haikujali imani hiyo.

ASKARI NA JINO

Huenda ukafikiri kwamba watu hawa wote walijidanganya tu, na maumivu yao hayakuwa ya kweli. Sivyo. Katika Vita Kuu ya Pili, daktari Mmarekani aitwaye Henry Beecher aliwauliza askari 215 waliojeruhiwa vibaya kama walitaka dawa ya maumivu. Watatu katika kila wanne, kwa kukadiria, walisema hawana haja. Baada ya vita aliwauliza raia waliopasuliwa hospitalini, na hao, zaidi ya 80 katika kila 100, walitaka dawa. Beecher alilieleza jambo hilo hivi: kwa askari, jeraha lilikuwa tiketi ya kurudi nyumbani salama, kwa raia, lilikuwa mwanzo wa msiba. Maana ya jeraha iliyapunguza au kuyazidisha maumivu.

Nguvu hiyo hupitia wapi mwilini? Mwaka 1975, huko Aberdeen katika Uskoti, John Hughes na Hans Kosterlitz waligundua kwamba ubongo hujitengenezea dawa yake ya maumivu, yenye kazi kama ya afyuni. Kisha mwaka 1978, huko San Francisco, wataalamu watatu waliwachukua watu waliong'olewa magego, wakawapa dawa tupu isiyo na kitu ndani. Baadhi yao walipata nafuu. Halafu wakawatia naloksoni, dawa izuiayo kazi ya afyuni mwilini. Maumivu ya wale waliokuwa wamepata nafuu yakaongezeka! Basi nafuu yao haikuwa ndoto. Tumaini lilikuwa limeufungulia ubongo kabati lake la dawa.

MPAKA ULIPO

Sasa tumefika penye mpaka. Mwaka 2011 yalichapishwa huko Marekani matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa wa pumu, watu wachache, wasiofika 50. Siku moja walivuta dawa ya salbutamoli, ambayo wengi mnaijua. Siku nyingine walivuta kopo lisilo na dawa. Siku nyingine walitibiwa kwa sindano za Kichina za bandia. Na siku nyingine hawakupewa kitu. Wenyewe walipoulizwa, walisema wamepata nafuu ya kama asilimia 50 kwa dawa, 45 kwa kopo tupu, 46 kwa sindano za bandia, na 21 walipoachwa bila kitu. Kwa maneno ya wagonjwa, dawa na kopo tupu vilikuwa karibu sawa.

Lakini mapafu yao pia yalipimwa kwa chombo. Kwa salbutamoli, pumzi iliongezeka kwa asilimia 20 hivi. Kwa njia nyingine zote tatu, kwa asilimia 7 tu. Fikiri vizuri juu ya tarakimu hizo. Mgonjwa anasema, "Sasa napumua vizuri," na hasemi uongo, ndivyo anavyosikia. Ila mirija ya mapafu yake ingali imebana. Akili imetuliza hofu na dhiki, haikufungua mirija. Mtu wa namna hiyo aweza kulala usiku kwa amani, na pumu ikamshinda kabla ya alfajiri.

Hilo ndilo jibu la swali la Deslon. Akili ina uwezo mkubwa juu ya yale tunayoyasikia mwilini: maumivu, hofu, kichefuchefu, uchovu. Juu ya vijidudu, sukari ya damu na uvimbe wa saratani, haina amri ya namna hiyo.

KIKOMBE CHA SAMUNGE

Mwaka huohuo wa 2011 sisi wa Afrika Mashariki tuliliona swali hilo kwa macho yetu. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyeitwa Babu, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, akisema kwamba alioteshwa na Mungu. Watu walikwenda kwa maelfu, wenye UKIMWI, kisukari na magonjwa mengine sugu, kutoka Tanzania, Kenya na kwingineko. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na wako waliokufa kabla ya kukifikia kikombe. Tusiwacheke, mfa maji haachi kutapatapa.

Wengi walirudi wakisema wamepona. Baada ya somo hili waweza kuelewa kwamba hawakuwa waongo. Walisafiri kwa tumaini kubwa, wakanywa pamoja na maelfu ya wenzao, wakasikia nguvu mpya mwilini. Msiba ulikuwa kwa wale walioacha vidonge vyao nyumbani. Kirusi cha UKIMWI hakisikii tumaini. Dawa ikiachwa, huongezeka kimyakimya, na mwenyewe bado anajiona mzima. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiidharau nguvu ya akili, wala usiikabidhi kazi isiyo yake. Ukimwuguza mtu, mpe maneno mema, mshike mkono, mweleze anachotibiwa. Hiyo ni sehemu ya tiba. Mtu akitaka kusali, na asali. Lakini vidonge visiachwe. Na mtu akikuambia amepona, furahi pamoja naye, kisha mpeleke akapimwe damu, sukari au kifua. Kipimo ndicho kitambaa cha machoni cha Franklin: hakijui mgonjwa anatumaini nini, kwa hiyo hakipendelei.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini wataalamu wa Paris waliwafunga wagonjwa macho?
2. Mgonjwa wa pumu aliyevuta kopo tupu alisema amepata nafuu. Je, alisema kweli? Elezeni.
3. Jirani yenu mwenye kisukari amerudi kutoka kwa mganga, anasema amepona na anataka kuacha dawa. Mtamwambia maneno gani, bila kumvunjia heshima?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.